Utayari wa Mzee Angumbwike

Tusekile Mwakabungu alimsikia baba yake ndani ya kichwa cha mwanamke asiyemjua, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa na kikombe cha chai mkononi. Baba yake alikuwa na miaka mitatu kaburini. Mwanamke yule alikuwa na siku arobaini. Na chai ilikuwa bado ya moto, kwa hiyo hakuweza hata kujidanganya kwamba alikuwa amesinzia.

Faili lililokuwa mbele yake lilikuwa la marehemu Subilaga, aliyekufa kwa moshi wa jiko la mkaa ndani ya chumba chake, alasiri moja ya Julai, baridi ilipokuwa kali. Keshokutwa yake, Alhamisi, mumewe Lusekelo angesimama kizimbani akishtakiwa kwamba alimfungia mkewe humo makusudi. Lusekelo alisema mlango ulirudishiwa tu kuzuia baridi. Hakuna aliyemwamini, kwa sababu Kituo cha Utayari cha Tukuyu kilikuwa kimeusoma ubongo wa marehemu na kukuta maneno mawili yamesimama tayari, yakingoja ulimi: Nifungulie mlango.

Kazi ya Tusekile ilikuwa kuukagua usomaji, kuweka saini, basi. Lakini alikuwa na tabia ya kukwangua sufuria hadi ukoko. Aliucheza wote, pamoja na kipande ambacho wenzake walikuwa wamekikata na kukiita kelele.

"Nifungulie mlango," ikasema sauti ya mashine, sauti isiyo ya mwanamke wala mwanaume. Kikafuata kimya cha sekunde mbili kasoro. "Saa tatu imefika."

Subilaga alikufa saa kumi alasiri. Tusekile aliweka kikombe mezani polepole. Haikuwa hiyo saa tatu peke yake iliyomsisimua mwili. Ni kile kimya. Alikuwa amekua akikisikia kimya kile mezani, njiani, kanisani; mtu anayepima neno kabla ya kulitoa, na hata likiwa dogo halitoi kabla ya muda wake.

Akarudia. Kimya kikaja vilevile.

Akafungua picha ya seli. Kwenye ncha ya kila seli ya neva kuna vifuko vidogo mno, vimejaa kemikali ambazo ndizo ujumbe wenyewe. Kifuko hakikurupuki. Kwanza kinasogea hadi ukutani mwa seli, nyuzi za protini zinakikamata na kukikaza, kisha breki inawekwa kisije kikamwaga mapema. Hapo kiko tayari, nacho kinakaa kusubiri kama mgonjwa kwenye benchi la zahanati, namba yake mkononi. Umeme ukifika, madini ya kalsiamu yanaingia, breki inaachia, ujumbe unamwagika ng'ambo. Kumwagika ni kufumba na kufumbua. Kusubiri ndiko kurefu.

Mtu akifa, na akiwahi kuvalishwa kofia ya baridi, vifuko vyake vilivyokuwa tayari vinaganda palepale ukutani. Modeli ya Kituo ilivihesabu kimoja kimoja kwenye seli zinazoendesha ulimi, midomo na koo, ikakokotoa ni neno gani lilikuwa linaandaliwa. Watu mia mbili na kumi na wanne walikwisha kusomwa hivyo. Mahakama zilikuwa zimeukubali usomaji. Familia ziliupenda kuliko mahakama, kwa sababu nani hataki kusikia marehemu wake alitaka kusema nini?

Shida ni kwamba hakuna ubongo unaofika maabara ukiwa mzima. Kisu kinachana hapa, barafu inapasua pale. Penye tundu, modeli inatia kiraka, na kitambaa cha kiraka kinatoka kwenye ubongo wa kwanza kabisa, ule uliojengewa modeli yenyewe. Kwenye makaratasi unaitwa K-1.

Tusekile aliiambia skrini imwonyeshe viraka kwa rangi ya kijivu. Seli za Subilaga mwenyewe zilijitokeza kwa rangi ya chungwa, nyingi na nzima. Ndani yake ulimi ulikuwa umelala kabisa, hakuna hata silabi iliyoandaliwa. Mlango na saa tatu, vyote viwili, vilikuwa juu ya kijivu.

K-1 alikuwa Mzee Angumbwike Mwakabungu, baba yake mzazi.

"Baba," akaita kwa sauti, peke yake chumbani, kisha akaona haya na kutazama mlango.

Aliyapekua mafaili mengine hadi mchana, na kila alikopiga hodi akamkuta. Mwalimu wa chekechea aliyekufa kwa ajali alikuwa akiandaa neno mvua. Mchungaji wa kijiji cha Masoko alikuwa akiandaa milimita arobaini. Mama mmoja muuza ndizi alitaka kusema imejaa, nikaimwage. Na hakuna aliyeshtuka, miaka yote hiyo, kwa sababu ya mahali penyewe. Tukuyu mvua haina msimu, ina makazi ya kudumu. Nani pale asiyeiwaza mvua hata anapokata roho? Kitabu cha mwongozo wa wasomaji kiliandika wazi kwamba maneno ya mvua ni kelele ya kawaida ya eneo hili na yapuuzwe. Sentensi hiyo aliiandika Tusekile kwa mkono wake.

*

Mzee Angumbwike alipima mvua kwa miaka thelathini na miwili. Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, alikwenda kwenye kituo kidogo cha hali ya hewa, akachomoa chupa ya kipimo, akasoma milimita, akamwaga maji, akaandika daftarini. Alipostaafu, miguu yake haikustaafu. Na alipoanza kusahau, alisahau majina ya wajukuu, akasahau kwamba mkewe ameshazikwa, lakini saa tatu yake hakuisahau, ila sasa ilimfikia wakati wowote wa siku. Alitoka na nguo za kulalia hadi barabara kuu. Mara mbili watu walimtoa katikati ya malori.

Tusekile akanunua kufuli. Asubuhi alimwachia mzee chupa ya chai na redio, akamfungia chumbani, akaenda kazini, akarudi saa saba kumlisha. Majirani walimpa pole, na hakuna aliyemlaumu. Miezi minane ilikwenda hivyo. Siku ya mwisho alifungua kufuli, mlango ukagoma, kwa sababu mzee alikuwa ameketi sakafuni ameuegemea. Mwili ulikuwa bado na joto. Wafanyakazi wa Kituo walikuwa na kofia za baridi majumbani, na mzee alikuwa ametia saini zamani kukubali kusomwa, akili zake zikiwa timamu, akicheka: nimepima vya kutosha, na mimi nipimwe. Basi Tusekile alimvalisha kofia kwa mikono yake mwenyewe.

Modeli ilihitaji kwake vitu viwili tu: kasi ya kifuko kukazwa, na nguvu ya breki. Vifuko gani hasa vilikuwa tayari siku ile, hilo lilipaswa kufutwa kabla ubongo haujawa kitambaa cha viraka. Programu ikauliza, kama inavyomuuliza mtu yeyote: Futa hali ya awali? Tusekile alikuwa na wiki mbili tangu atoke makaburini. Alilikodolea macho swali lile tangu asubuhi hadi adhuhuri. Aliona kufuta ni kumzika baba yake mara ya pili, na safari hii kwa kidole chake. Akabonyeza Hapana. Akajiambia atarudi kulifuta akipata nguvu.

Hakurudi. Na usomaji wa baba yake aliutia muhuri usichezwe na yeyote. Watu walisema ni heshima. Haikuwa heshima, ilikuwa hofu. Alijua neno gani lilikuwa limekaa nyuma ya mlango ule, na hakutaka kuambiwa.

*

Profesa Kyando, mkurugenzi wa Kituo, alikuwa mtu wa Makete, mrefu, mpole, mwenye mwavuli mweusi wa mpini wa mbao ambao haukumtoka mkononi hata jua likipasua mawe. Kituo kizima kilijua sababu. Mkewe alianguka jikoni miaka miwili iliyopita, kiharusi, na usomaji wake ulikuwa mzuri kuliko wote waliowahi kuufanya. Chukua mwavuli, mvua inakuja. Profesa alilia siku ile mbele ya wafanyakazi wake, na kesho yake akaja na mwavuli.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Faili la Alhamisi umelisaini?"

"Sijalisaini. Naomba ukae kwanza."

Alikaa, mwavuli katikati ya magoti. Tusekile akamwonyesha rangi ya chungwa na rangi ya kijivu, akamweleza swali la programu na jibu alilolitoa. Hakujitetea. Kyando alielewa kabla hajamaliza, uso ukamfifia.

"Ni wangapi?"

"Wote wana viraka. Ambao maneno yao yametoka kwenye viraka, bado sijui. Ni wengi."

"Tunaiita kelele."

"Si kelele, Profesa. Ni baba yangu."

Mvua ilikuwa inagonga bati. Kyando alitazama dirishani. "Sikiliza," akasema. "Tuondoe hili moja. Tutasema sampuli iliharibika. Lusekelo ataenda kwake, na hao wengine tuwaache na maneno ya wapendwa wao. Watu wameyachonga makaburini, Tusekile. Kuna watoto wamepewa majina kwa maneno hayo. Utawaambia nini?"

"Na yule mama aliyefungwa mwaka jana kwa usomaji wetu?"

"Yule ushahidi wake ulikuwa mwingi."

"Ndivyo tulivyosema. Mimi ndiye niliyesimama pale, nimevaa suti yangu, nikasema hivyo."

Kyando akafikicha macho. "Hata ukienda mahakamani, utaonyesha nini? Utacheza seli za marehemu bila viraka, kitasikika kimya. Wakili wa serikali atakuuliza, ukichana nusu ya barua, unashangaa nini ikiwa fupi? Hawatakubali mpaka waone maneno yalikotoka."

"Nitafungua usomaji wa mzee. Mbele yao."

"Umewahi kuusikia?"

"Hapana."

Tusekile aliliona swali likija kabla halijafika, akaomba moyoni lisifike.

"Baba yako," Kyando akasema taratibu, "asubuhi ukiwa unatoka, alikuwa anakuambiaje?"

Uongo ulikuwa umeshakaa tayari mdomoni mwa Tusekile. Aliuhisi kabisa, mwepesi, umekazwa vizuri, unangoja kuachiwa tu. Alikuwa anakohoa tu, Profesa. Alikuwa haniambii kitu. Neno moja dogo la huruma, na mzee huyu aliyekuwa mbele yake angelala usingizi wake kama kawaida.

"Alikuwa ananiambia nichukue mwavuli," akasema. "Kwamba mvua inakuja. Kila siku, hata jua likiwaka."

Kyando alinyanyuka, akafungua mlango, akatoka. Tusekile alimwona akipita nje ya dirisha kwenye manyunyu, mwavuli ameushika katikati kama kitu alichookota.

*

Alhamisi ukumbi wa mahakama ulijaa hadi madirishani. Lusekelo alikuwa kizimbani, shingo imepotea ndani ya kola ya shati, hamtazami mtu. Kwenye benchi la mbele alikaa Mama Anyitike, mama mzazi wa marehemu, mama mfupi mwenye kitenge kipya. Alikuwa amekivaa kwa ajili ya sauti ya mwanawe. Alipomwona Tusekile akiingia alimshika mkono na kumnong'oneza, "Mwanangu, waambie waongeze sauti. Sikio langu moja halisikii." Tusekile akaenda kuiongeza.

Mbele ya Jaji, mwanamke mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alicheza kwanza seli za Subilaga peke yake bila viraka. Spika zikakoroma kidogo. Dakika nzima ikapita.

"Sisikii," akasema Mama Anyitike.

Wakili wa serikali alisimama na kuuliza kuhusu barua iliyochanwa nusu, karibu kwa maneno yale yale ya Kyando. Tusekile akajibu kwamba ni swali la haki. Kisha akavunja muhuri wa K-1 mbele ya karani, akabonyeza.

"Nifungulie mlango," ikasema mashine.

Watu wakaguna. Lusekelo akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

Kimya. Sekunde mbili kasoro. Tusekile alizihesabu kwa mwili wake wote.

"Saa tatu imefika." Kimya tena. "Imejaa, nikaimwage."

Hadi Jumanne ile hakujua kwamba kuna zaidi. Alidhani mzee alikufa na neno moja tu, lile la mlango, na kwa miaka mitatu alikuwa akikimbia hilo moja. Lakini modeli iliendelea kutafuta, ikakuta kundi jingine la vifuko vilivyokazwa imara kuliko vyote, vya neno lililotamkwa mara nyingi mno hata seli zilikuwa haziwezi kuacha kuliandaa.

"Mama," ikasema mashine, kwa sababu ndivyo Mzee Angumbwike alivyomwita binti yake tangu azaliwe. "Chukua mwavuli, mvua inakuja."

Nyuma ya ukumbi kiti kiliburuzwa. Tusekile hakugeuka. Alijua ni nani.

Jaji alivaa miwani yake. "Shahidi, huyu aliyesomwa ni nani?"

"Baba yangu mzazi, Mheshimiwa. Nilipaswa kumfuta kabla ya modeli kutumika. Sikuweza. Tangu hapo anasemea ndani ya kila mtu tunayemsoma. Marehemu Subilaga hakuomba kufunguliwa mlango. Hakuomba chochote. Alikuwa amelala usingizi."

"Na huo mlango anaoutaja baba yako ni mlango gani?"

Swali halikuwa la lazima. Kesi ilikuwa imeshakwisha, hata wakili wa serikali alikuwa ameanza kukusanya karatasi zake. Tusekile angeweza kujibu ni mlango wa nyumbani, na wote wangetosheka, na angerudi kwake akiwa mtaalamu aliyekosea kidogo na kusema kweli.

"Wa chumba chake," akasema. "Mimi ndiye niliyemfungia, Mheshimiwa. Kwa kufuli, kwa miezi minane. Alikufa ameuegemea."

Lusekelo, aliyekuwa amekaa siku arobaini akiitwa mtu aliyefungia mtu ndani, alimtazama Tusekile kwa macho ambayo hayakuwa na hasira wala ushindi. Jaji aliandika kwa muda mrefu. Kisha akatamka kwamba usomaji ule unaondolewa kwenye ushahidi, kwamba Lusekelo aachiwe, na kwamba kila hukumu na kila usomaji uliowahi kutoka Kituoni upitiwe upya.

Watu walipoanza kutoka, Mama Anyitike alibaki benchini.

"Kwa hiyo hakuniita?" akauliza. "Hakumwita mtu?"

"Hapana, mama. Alikuwa usingizini. Hakujua."

"Siku arobaini namsikia anagonga," akasema yule mama. "Kila nikifumba macho anagonga mlango." Akajifunika uso kwa ncha ya kitenge kipya, akalia, na mkwewe Lusekelo, pingu zimeshafunguliwa, akaja akakaa kando yake.

Nje mvua ilikuwa imeshika kasi. Profesa Kyando alisimama ukingoni mwa baraza, bega moja limelowa. Mwavuli alikuwa nao, umefungwa.

"Miaka miwili nimeubeba," akasema bila kumtazama. "Nilikuwa hata nikizungumza nao. Kumbe mke wangu hakuniachia neno."

"Nisamehe, Profesa."

"Sijui kama nitaweza. Leo siwezi." Akaugeuza mwavuli, akamnyooshea upande wa mpini. "Lakini huu si wangu. Baba yako alikuambia wewe. Chukua."

Akashuka ngazi kichwa wazi, akaingia mvuani, akaenda zake. Tusekile aliupokea kwa mikono miwili. Mpini ulikuwa na joto la mkono wa mtu. Akaufungua, akasimama chini yake palepale uwanjani, na kwa mara ya kwanza tangu amzike baba yake akalia kwa sauti, watu wakipita na kumtazama.